WALIOUGUA MARA MBILI

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humwumbua. Neno hilo twalijua tangu utotoni, na mara nyingi twalitumia kumwonya mtu mmoja mmoja. Leo twataka kulielekeza kwetu sote kwa pamoja. Kwa maana yako mambo mawili ambayo sisi wananchi tumezoea kuyaficha. La kwanza ni ugonjwa wa akili, ambao karibu kila ukoo unao na karibu kila ukoo hukana kuwa nao. La pili ni hofu iliyotupata katika miaka ya Korona, ambayo tumeifukia upesi, kana kwamba kusahau ni dawa. Mambo hayo mawili yalipokutana ndani ya mtu mmoja, mtu huyo aliugua mara mbili. Na sisi tuliomzunguka hatukuona hata mara moja.

Twaandika haya baada ya kufika Mkwajuni. Msomaji asiyepajua na afahamu kwamba huko ndiko makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa uitwao pia Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya. Ni nchi ya wachimbaji wa dhahabu, wakulima, na wavuvi wa Ziwa Rukwa. Watu wake ni wachapa kazi, na mchapa kazi hana nafasi ya kuugua. Tena hana nafasi kabisa ya kuugua ugonjwa usioonekana.

Huko tulimkuta mama mmoja akianika ufuta mbele ya nyumba yake. Jina lake hatutalitaja, wala la mwanawe. Maana aliyetufungulia mlango hakutufungulia ili tumtangaze. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatupa kigoda. Tulipomweleza tulilolijia alinyamaza kwa muda, kisha akaanza kusema mambo ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuna aliyepata kumwuliza.

Mwanawe ana umri wa miaka thelathini na kitu. Zamani alikuwa akishuka kwenye maduara ya dhahabu pamoja na vijana wenzake. Alipoanza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, na kusema kwamba hewa imetiwa sumu, wenzake walimkataza kushuka, wasije wakafa naye shimoni. Alipelekwa kwa mganga wa kwanza, akapelekwa kwa wa pili, na mbuzi wakaisha. Mwisho alifikishwa hospitalini, akaanza kuchomwa sindano kila mwezi. Kwa miaka minne alikaa vizuri. Alilima, aliteka maji, na jioni alicheza bao na wazee chini ya mti.

Ndipo ukaja mwaka 2020.

"Baba," mama yule alituambia, "mwanangu alisema miaka yote kwamba hewa ina sumu isiyoonekana, nanyi mkamwita kichaa. Mwaka ule likapita gari lenye kipaza sauti, likasema maneno yale yale. Akanitazama, akaniambia: Mama, umesikia sasa? Mimi ningemjibu nini?"

Hatukuwa na la kumjibu. Ndiyo maana tumeshika kalamu.

ADUI ASIYEONEKANA

Hebu tufikiri vizuri juu ya jambo hili. Tarehe 11 Machi, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona ni janga la ulimwengu mzima. Siku tano baadaye, tarehe 16, Serikali yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza katika nchi hii, huko Arusha; na shule zikafungwa. Tangu hapo kila redio, kila mhubiri na kila bango lilisema habari za adui asiyeonekana, akaaye katika pumzi ya jirani, juu ya kitasa cha mlango, katika noti ya fedha. Tuliambiwa tusishikane mikono. Tuliambiwa tuoshe mikono, kisha tuoshe tena. Watu walifunika nyuso zao kwa barakoa, yakabaki macho tu.

Mafundisho hayo yalikuwa ya haki, na yaliokoa watu. Hatusemi neno lolote dhidi yake. Twauliza hili tu: ni nani aliyefikiri jinsi yatakavyoingia katika sikio la mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe ni kuogopa adui asiyeonekana? Ni nani aliyemfikiria yule ambaye maradhi yake ni kuosha mikono mpaka ngozi ichubuke, na ambaye kwa miaka mingi alifundishwa kwa upole aache? Ni nani aliyemfikiria mwenye sonona, yaani yule mwenye huzuni isiyokuwa na mwisho, ambaye uzima wake ulishikiliwa na mambo madogo mawili matatu: kwenda kanisani au msikitini, kukaa kilabuni na wenzake, kushikwa mkono na kuulizwa habari za nyumbani? Mambo hayo madogo ndiyo yaliyoondolewa kwanza.

Mwana wa mama yule aliacha sindano. Alisema kwamba hospitalini ndiko sumu inakogawiwa. Na mama mwenyewe, kwa kusema kweli, aliogopa kumlazimisha, kwa sababu majirani wenye akili timamu nao walikuwa wakisema wasiende hospitalini wasije wakapewa ugonjwa. Mwezi wa kwanza ukapita, na wa pili. Katika mwezi wa tatu kijana alitoka usiku, akaishi katika kibanda cha shambani, akijifunga kitambaa usoni hata alipolala. Vijana wa mtaa walikwenda kumrudisha. Walimrudisha kwa kamba.

Leo amerudi katika matibabu. Hasikii tena sauti kama zamani. Lakini lipitapo gari lenye kipaza sauti, hata likitangaza mnada wa nguo tu, huingia ndani, akajifunika blanketi, akatetemeka. Akiona mtu mwenye barakoa huondoka njiani. Wataalamu huita hali hiyo kiwewe: jeraha la nafsi ambalo tukio limekwisha kupita, lakini mwili haujapata habari kwamba limepita.

"NCHI YETU HAIKUFUNGWA"

Twawajua watakaotujibu. Watasema: "Hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, ambako watu walifungiwa majumbani kwa miezi. Sisi hatukufungiwa. Tulikwenda shambani na sokoni. Kiwewe kimetoka wapi?"

Jibu letu ni kwamba hofu haihitaji kufuli. Ni kweli kwamba wananchi wetu hawakuzuiliwa majumbani, na jambo hilo liliwaokoa wengi na njaa. Lakini kwetu hofu ilikuja kwa njia nyingine, nayo ni njia ya maneno yanayopingana. Hesabu rasmi ya wagonjwa ilipofika 509, mwanzoni mwa Mei 2020, haikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi wa Juni tuliambiwa kwamba ugonjwa umekwisha. Wengine walijifukiza nyungu, wengine walikunywa tangawizi na malimau, wengine walizika ndugu zao kimya kimya wasiulizwe kilichowaua. Kisha, Julai 2021, zikaja chanjo zaidi ya milioni moja, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya taifa. Na hapo tena yakazuka maneno mengi kwamba chanjo yenyewe ndiyo sumu.

Mtu mzima wa akili huweza kuyapima maneno hayo, akachukua hili na kuacha lile. Ingawa hata yeye alichoka. Lakini mtu ambaye mzani wake wa ndani umevunjika atapima kwa nini? Yeye huhitaji neno moja, lililo wazi, litokalo kwa mtu anayemwamini, tena lirudiwe. Sisi tulimpa maneno kumi.

Wala mkoa huu haukuwa mbali na msukosuko. Tunduma ni mlango mkubwa wa nchi kwa upande wa kusini, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapo. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wake wa Nakonde kwa siku kadhaa, baada ya ugonjwa kuonekana huko. Fikira za watu wa mpakani ni rahisi kuzielewa: jana dereva alikuwa mteja wa chakula na chumba, leo ametazamwa kama mchukuzi wa mauti. Mama lishe, mpiga debe, mbadilishaji fedha, wote waliona riziki yao ikisimama. Na riziki ya nyumba ikisimama, wa kwanza kukosa nauli ya kwenda kliniki ni yule asiyeleta fedha nyumbani. Huyo ndiye mgonjwa wetu.

DUNIA IMEJIFUNZA NINI?

Jambo hili si la Mkwajuni peke yake. Oktoba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya maulizo yaliyofanywa katika nchi 130: katika nchi 93 kwa kila 100, huduma za wagonjwa wa akili zilikuwa zimevurugwa au kusimama, wakati ule ule ambapo haja ya huduma hizo ilikuwa ikiongezeka. Machi 2022 shirika hilo hilo likasema kwamba, katika mwaka wa kwanza wa janga, maradhi ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa kadiri ya robo nzima. Tena madaktari wa nchi nyingi waligundua kwamba wenye maradhi makali ya akili walikufa kwa Korona zaidi kuliko watu wengine. Hata Marekani, Oktoba 2021, ikayaingiza maradhi ya skizofrenia na sonona katika orodha ya yale yanayomweka mtu katika hatari kubwa, pamoja na kisukari na maradhi ya moyo.

Hatutaki kuongeza chumvi. Uchunguzi uliofanywa Uholanzi juu ya watu wenye sonona, wasiwasi na maradhi ya kurudiarudia matendo ulionyesha kwamba waliokuwa na hali mbaya zaidi kabla ya janga waliendelea kuwa na hali mbaya, lakini hali yao kwa jumla haikuongezeka ubaya kama ilivyotazamiwa. Habari hiyo ni njema, nasi twaipokea. Yatufundisha kwamba mgonjwa wa akili si chombo cha udongo kinachopasuka kwa kila upepo. Wengi wao wamekwisha kuzoea kupambana na hofu, na huenda sisi tungejifunza kwao. Lakini uchunguzi huo haukuwahusu wale wanaosikia sauti, wala haukufanywa mahali ambapo dawa ikikosekana katika zahanati moja, zahanati ya pili iko mbali kwa safari ya siku nzima.

Historia nayo yatukumbusha kwamba tauni na wazimu ni majirani wa zamani. Baada ya homa kuu ya mwaka 1918, daktari kijana wa Marekani aitwaye Karl Menninger aliandika habari za wagonjwa mia moja wa mji wa Boston ambao akili zao zilivurugika kwa sababu ya homa ile. Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki, hospitali ya Mathari mjini Nairobi, iliyojulikana tangu mwaka 1910 kuwa nyumba ya wendawazimu, ilianza kama kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui. Katika macho ya watawala wa kikoloni, mwenye ndui na mwenye wazimu walikuwa watu wa namna moja: watu wa kutengwa. Ukoloni umekwenda zake. Je, fikira ile nayo imekwenda?

KAMBA SI DAWA

Twasema wazi kwamba haijaisha. Kijana yule alirudishwa kwa kamba, na waliomfunga si watu wabaya. Ni wachimbaji wenzake, nao walitembea mwendo mrefu kumtafuta, wakaacha kazi zao. Walimfunga kwa sababu hakuna aliyepata kuwaonyesha njia nyingine. Huo ndio msiba wetu: tuna upendo, lakini hatuna maarifa.

Nchi yetu inayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayohusu matunzo na ulinzi wa watu hao pamoja na mali zao. Inayo hospitali ya Mirembe huko Dodoma, ambayo imefanya kazi hiyo kwa karibu miaka mia moja. Na wako wasomaji watakaokumbuka kwamba Tanzania ilipata sifa kwa kuanzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili waliokwisha kupata nafuu, kama Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti karibu na Dar es Salaam, ambako mgonjwa aliishi na jamaa, akashika jembe, akala jasho lake. Wazo lile lilikuwa letu wenyewe, nalo lilikuwa wazo jema: kwamba mtu huponywa kwa dawa, na kazi, na wenzake, vyote vitatu pamoja. Basi hatuanzi kutoka pasipo na kitu. Lakini Dodoma ni mbali na Mkwajuni, na sheria haiwezi kumchoma mtu sindano.

Yafaa nini kutendwa?

Kwanza, dawa zisikatike. Mama yule alituambia kwamba zaidi ya mara moja amefika katika zahanati fulani akaambiwa: "Hakuna, mama, rudi mwezi ujao." Kwa mwenye mafua, mwezi ni mwezi. Kwa mwenye wazimu, mwezi mmoja bila dawa waweza kubomoa kazi ya miaka minne. Wenye kuagiza dawa za wilaya na waziweke dawa hizi katika safu moja na za malaria na kisukari. Na ikitokea hatari ya ugonjwa wa mlipuko, mwenye vidonge apewe vya miezi miwili mitatu, akabidhiwe ndugu yake. Na wa sindano afuatwe na mhudumu nyumbani kwake.

Pili, wenye kutangaza hatari na wakumbuke masikio yote. Gari la kipaza sauti lina kazi yake. Lakini katika kila kitongoji wako wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wanaojua nyumba ipi ina mgonjwa. Mmoja wao na aende kwanza katika nyumba hiyo, akae chini, aseme kwa sauti ya kawaida: "Gari litapita kesho. Litasema hivi, na maana yake ni hii. Halikutaji wewe." Jambo hilo halihitaji fedha za kigeni. Lahitaji miguu na nusu saa.

Tatu, waganga wetu wa jadi na wahubiri wetu, ambao watu huwaendea kabla ya daktari, na wasimwambie mgonjwa kamwe atupe dawa zake. Wamwombee, wamfariji, wafanye wawezavyo. Lakini atakayemwamuru mtu aache sindano amechukua dhamana asiyoiweza.

Nne, sisi wafanyakazi. Je, katika karakana yetu, gerejini petu, kwenye maduara yetu, yuko mwenzetu aliyebadilika tangu miaka ile? Aliyekuwa mchangamfu akawa mkimya. Aliyekuwa hanywi akawa mlevi. Anayeshtuka kila mtu akikohoa? Tumekwisha kumwuliza? Mara nyingi tumesema, "Amekuwa mtu wa ajabu," tukaendelea na kazi. Mtu huyo yawezekana alikuwa na ugonjwa wake wa siri tangu zamani, akaubeba vizuri, mpaka miaka ile ilipomwongezea mzigo.

YATAKUJA TENA

Tarehe 5 Mei, 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona si dharura ya dunia tena. Tulishukuru. Lakini miezi miwili kabla ya hapo, ugonjwa wa Marburg ulikuwa umetokea Kagera. Na Januari 2025 ukatokea tena katika mkoa huo huo. Kipindupindu hakijatuaga. Basi asiwepo wa kutudanganya kwamba gari la kipaza sauti limepita kwa mara ya mwisho.

Litapita tena, na litasema tena habari za adui asiyeonekana. Siku hiyo twaweza kuwa tumejiandaa, au twaweza kutafuta kamba. Uchaguzi huo haufanywi siku ya tauni. Wafanywa sasa, wakati hewa ni safi na watu wamesahau.

Tulipokuwa tukiaga, tulimwuliza mama yule ni jambo gani linalomnyima usingizi. Tulidhani atataja dawa, au fedha. Alikusanya ufuta wake kwanza, kisha akasema: "Mimi ni mzee, baba. Ndimi ninayemkumbusha siku ya sindano. Siku nikiondoka, nani atamhesabia tarehe?"

Swali hilo si la mama mmoja. Limeulizwa mbele yetu, nasi twalileta mbele ya kila msomaji. Mkwajuni tuliona dalili moja ya jibu lake. Jioni ile, tulipopita chini ya mti, wazee walikuwa wamelitandaza bao lao, na mmoja wao alimtuma mtoto: "Kamwite yule. Mwambie nafasi yake iko." Mtoto alikwenda mbio. Baada ya muda kijana alikuja polepole, akatazama huku na huku, akaketi.

Hawakumwuliza lolote. Walimpa kete, akacheza.